Sado la maharage na hesabu za darasa la sita



Juma lililopita nilikuwa nimesimama kwenye genge moja la mtaani kwetu nikingoja zamu yangu ya kupimiwa maharage. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja na binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita au la saba kwa kumkadiria, bado yumo katika sare za shule. Mwenye genge akachota maharage kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ambayo siku hizi imekuwa ndiyo mzani wa nusu ya mji huu, akasawazisha juu kwa kiganja, akamimina mfukoni. Binti akaiinamia ile sado, akachungulia ndani, kisha akamwambia mama yake kwa sauti tuliyoisikia sote: "Mama, hii chini imebonyea kwa ndani."

Mama akamkemea. "Hebu acha mdomo wako, mwanangu." Mwenye genge akacheka, akaongeza konzi moja juu, na mambo yakaisha.

Kwao yaliisha. Mimi nilipofika nyumbani nilitafuta kopo tupu la rangi la namna ile, nikalipima kwa rula ya mjukuu wangu. Kipenyo chake kilikuwa sentimeta 18 na kimo chake sentimeta 16. Anayekumbuka hesabu za ujazo anajua la kufanya hapo: nusu ya kipenyo ni 9, tisa mara tisa ni 81, mara pai, ambayo tulifundishwa kuwa ni 22 juu ya 7, mara kimo 16. Jibu ni sentimeta za ujazo 4,073 hivi, yaani lita nne na kidogo. Sasa tuseme kitako cha sado kimeingia ndani kwa sentimeta mbili tu, kiasi cha pingili moja ya kidole. Hapo huhitaji hata pai. Kimo kilikuwa 16, kimebaki 14. Zimepotea mbili katika 16, ambazo ni moja ya nane, ambayo ni asilimia 12 na nusu. Katika kila sado nane unazolipia, nyumbani zinafika saba.

Simwiti mtu mwizi. Ndoo za plastiki hubonyea kwa jua na kwa kupangiwa mizigo juu yake. Lakini hata ikiwa imebonyea kwa bahati mbaya, maharage yaliyopungua yamepungua.

Nataka mwone alichokifanya yule binti. Sehemu, asilimia na ujazo wa mche duara ni mada tatu za hesabu ambazo walimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hupigana nazo muhula mzima, na yeye alizitazama zote tatu kwa jicho moja, dukani, pasipo chaki. Akaambiwa anyamaze. Yawezekana kesho yake mwalimu aliandika ubaoni, "Tafuta ujazo wa mche duara wenye kipenyo cha sentimeta 18," na binti akanakili, akakosa, pasipo kufahamu kwamba kitu kilichokuwa ubaoni ni ileile sado.

Sina haki ya kumlaumu mama wa watu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, na niliwahi kufanya baya kuliko hilo. Ilikuwa mwaka 1994. Nilimwita mtoto mmoja wa darasa la tano mbele ya wenzake atafute robo tatu ya 240. Akaandika 3 mara 4 mara 240, akapata 2,880. Robo tatu ya kitu ikawa kubwa mara 12 kuliko kitu chenyewe, naye akaweka chaki chini kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamchapa viboko viwili. Siku zile hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta sokoni akimsaidia shangazi yake kuuza maharage. Bei ilikuwa shilingi 280 kwa kilo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipimie robo tatu."

Akapima. "Mia mbili na kumi, mwalimu."

Nikamwuliza amepataje. Akanitazama kama anayeogopa kwamba kuna fimbo ndani ya swali lenyewe. "Nusu kilo ni mia na arobaini. Robo ni sabini. Ndiyo mia mbili na kumi."

Nililipa nikaondoka. Njia nzima nilijiuliza ni mtoto gani niliyemchapa. Mtoto asiyejua robo tatu hakuwapo. Aliyekuwapo ni mtoto aliyeijua vizuri akiwa na mzani mkononi, na ambaye hakuna mtu, nikiwamo mimi, aliyepata kumwambia kwamba ile 3 iliyokaa juu ya 4 ubaoni ndiyo nusu na robo anazouza kila Jumamosi. Dukani asingeweza kupata 2,880. Angejua mara moja kwamba anamdai mteja wa robo tatu bei ya kilo 12.

Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni ajabu ya mtoto mmoja. Baadaye nikasoma habari za utafiti uliofanywa Brazil, katika mji wa Recife, na watu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, ambao ulichapishwa mwaka 1985. Walikwenda kwa watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi, mahindi na vitu vya namna hiyo barabarani, wakajifanya wateja, wakawauliza bei za hiki na kile pamoja na chenji. Katika maswali 63, watoto walipata asilimia 98. Halafu wakawarudia watoto walewale na hesabu zenye namba zilezile, safari hii kwa karatasi na kalamu. Katika hesabu tupu, zisizotaja nazi wala mahindi, wakapata asilimia 37.

Mmoja wao, muuza nazi wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi nne, na nazi moja ilikuwa 35. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, aliyokuwa akiijua kwa mazoea, akaongeza 30, akaongeza tano, akafika 140. Sawasawa. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi alisema: nne mara tano ishirini, nabeba mbili, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ni ishirini. Akaandika 200. Mwalimu yeyote wa Tandika au Magomeni amekwisha kuliona kosa hilo katika madaftari yake mara elfu. Mtoto anazo kanuni za kubeba na kushusha, lakini amezichanganya, na hana kitu cha kumwambia kwamba jibu limepotea njia. Kule barabarani nazi zenyewe zilikuwa zikimwambia.

Sasa wapo wanaosikia habari kama hii wakasema: basi, tuache vitabu, tuwapeleke watoto sokoni. Hapana. Huyo muuza nazi alikuwa hodari kwa nazi nne. Mpe nazi 387 kwa bei ya 35 uone kama ulimi utafika. Ya mdomoni ni hesabu ya haraka, lakini ina mwisho wake. Kalamu ndiyo inayokwenda mbali. Kinachotakiwa ni daraja la kupita kwa pande zote mbili. Mtoto aliyefanya jambo kwa mkono alieleze kwa mdomo, kisha aliandike kwa alama za shuleni. Na akikutana na alama za shuleni kwanza, aulizwe: hapa ni nini kwa nini? Ni maharage, ni chapati, au ni maji? Jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko tulichoanza nacho?

Daraja hilo halihitaji mzazi aliyesoma sana. Wazazi wengi wa mjini hujitoa mapema. Mtoto akifika darasa la tano mzazi husema, "Hizo hesabu zenu za siku hizi siziwezi," kisha anatafuta fedha za tyusheni. Sipingi tyusheni, ingawa nyingine nilizoziona ni darasa lilelile la asubuhi limerudiwa jioni watoto wakiwa wamechoka zaidi. Nasema tu kwamba mzazi aliyeishia darasa la nne anaweza kuuliza maswali mawili ambayo ni bora kuliko masomo mengi ya ziada. La kwanza, kabla mtoto hajaanza: "Unadhani jibu litakuwa kama ngapi?" La pili, baada ya kumaliza: "Umejuaje?" Kisha akae kimya asikilize. Hilo la kukaa kimya ndilo gumu.

Tuingie jikoni.

Hesabu inayowashinda watoto wengi kuliko zote, kwa niliyoyaona mimi, ni kugawanya kwa sehemu. Nusu gawanya kwa robo. Mtoto anafundishwa kugeuza sehemu ya pili juu chini na kuzidisha. Anageuza, anapata 2, naye haamini, kwa sababu tangu darasa la pili ameambiwa kwamba kugawanya ni kupunguza. Imekuwaje nusu igawanywe halafu iwe mbili? Chukua chapati. Ikate katikati, nusu moja iweke kando. Mwambie mtoto kila mtu anakula robo chapati: nusu hii inatosha watu wangapi? Wawili. Ndiyo hiyo. Kugawanya kwa robo maana yake ni kuuliza robo ngapi zimo humu. Ongeza ugumu: chapati tatu, kila mtu robo tatu ya chapati, zinatosha watu wangapi? Mwache akate. Atatoa robo tatu katika kila chapati, abaki na vipande vitatu vya robo, kisha agundue kwamba vipande hivyo vitatu ni fungu la mtu wa nne. Hapo ndipo aandike 3 gawanya kwa 3 juu ya 4, ageuze kama alivyofundishwa, apate 4. Ile kanuni ya kugeuza itaacha kuwa uchawi. Vitabu vingi hupenda mfano wa keki, na mimi nimewahi kufundisha watoto ambao keki waliiona arusini tu, tena kwa mbali.

Bibi zetu walikuwa na vipimo vyao vilivyofanya kazi hii pasipo keki wala chapati. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mtoto aliyetumwa kupima mchele kwa kibaba alikuwa akishika robo mkononi kabla hajaonyeshwa ubaoni. Vipimo hivyo vinakwisha, lakini vikombe na chupa za maji za nusu lita zimejaa kila nyumba. Na hapa namrudia mama wa genge: chupa ya nusu lita ndiyo mkaguzi wa sado. Ijaze maji, mimina katika sado, hesabu. Sado nzima ya lita nne inakwenda chupa nane. Ikijaa kwa saba, binti alisema kweli.

Pai nayo iko jikoni. Tafuta uzi, sufuria kubwa, sahani, kikombe na kifuniko cha chupa. Mtoto auzungushe uzi kwenye mdomo wa sufuria, aupime kwa rula, kisha apime upana wa mdomo ule kwa kupitia katikati, agawanye cha kwanza kwa cha pili. Afanye hivyo kwa vyote vinne na aandike majibu katika safu. Hatapata 22 juu ya 7. Atapata 3.1, na 3.2, na pengine 3.05 kwa sababu uzi ulilegea. Usimkemee. Mwulize tu mbona sufuria ya ubwabwa na kifuniko cha soda zinakaribia kukubaliana. Nimeona watoto wa darasa la saba, waliokuwa wakiikariri pai kama jina la mji mkuu wa nchi ya mbali, wakikimbia kutafuta tairi la baiskeli ili wahakikishe.

Kwa pembe na maumbo, mpeleke mtoto kwa fundi anayejenga jirani. Fundi wa mtaani hana haja ya kusema neno pembe mraba. Anachukua futi kamba, anapima sentimeta 60 upande huu, 80 upande ule, na kati ya ncha hizo mbili akitaka kona ikae sawa lazima apate 100 kamili. Hiyo ni nadharia ya Pythagoras inayofundishwa sekondari, na fundi anaila mkate kwayo. Profesa Paulus Gerdes, aliyefundisha hisabati Msumbiji kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika kuhusu njia nyingine ya wajenzi wa vijijini kule. Huchukua kamba mbili zenye urefu sawa, wakazifunga pamoja katikati. Kisha hupigilia vigingi viwili kwa upana wa nyumba, wakafunga ncha moja ya kila kamba kwenye kigingi chake, wakazivuta kamba mpaka zikaze. Ncha mbili zilizobaki ndizo kona mbili za nyumba, na umbo linalopatikana ni mstatili usio na hitilafu. Jaribu mezani kwa kamba mbili za viatu. Halafu mwulize mtoto kwa nini. Nilimwuliza mjukuu wangu wa kidato cha kwanza naye akafikiri siku mbili.

Nimemtaja wa kidato cha kwanza kwa makusudi, maana hapo pana shimo jingine. Mtoto wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, amezoea kusema sehemu, mzingo, pembetatu, uwiano. Anaingia sekondari, vitu vyote vinabadilishwa majina kwa Kiingereza katika majuma machache, na yule aliyekuwa akijua anaanza kujiona mjinga. Hajasahau uwiano, hajatambua tu kwamba amekutana nao tena. Nyumbani wekeni daftari moja dogo. Ukurasa mmoja kwa neno moja: jina la Kiswahili, jina la Kiingereza, na picha ya kitu cha nyumbani. Pembeni ya mzingo achore ule uzi na sufuria. Daftari hilo halitoi maksi, lakini kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakianguka hisabati, na wengi wao, naamini mimi, walianza kuteleza katika majuma hayo machache.

Zipo nyingine nyingi ambazo nitazipitia upesi. Yuniti moja ya maji katika ankara ni meta moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mtoto azidishe bei ya ndoo moja ya muuza maji mara 50, kisha alinganishe na bei ya yuniti iliyoandikwa kwenye ankara. Wengine mtapata homa. Saa yetu ya Kiswahili na ile ya kwenye tiketi ya basi zinapishana kwa saa sita, na anayejua kuhesabu kwa mzunguko wa 12 hataachwa na basi. Daftari la madeni la mwenye duka ndilo namba hasi: unadaiwa madeni matatu ya shilingi 500 kila moja, mwenye duka akiyafuta umepata au umepoteza? Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na anayeweza kusema kabla ya kucheza kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani, huyo anafanya hesabu nzuri kuliko nyingi za kitabuni.

Lakini lipo jambo moja ambalo siwezi kulipita upesi, nalo ni mikopo. Katika mitaa yetu kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuchukue mfano. Mtu anakopeshwa shilingi 100,000, anaambiwa kurudisha ni rahisi, shilingi 5,000 tu kila siku kwa siku 28. Mkopaji anaiangalia ile 5,000. Anajua biashara yake ya samaki au ya vitumbua huingiza zaidi ya hapo. Anatia sahihi. Mwambie mtoto wa darasa la saba azidishe 5,000 mara 28. Ni 140,000. Riba ni shilingi 40,000 juu ya 100,000, asilimia 40, katika majuma manne. Mwulize tena: ile 100,000, mkopaji amekaa nayo siku zote 28? Hapana. Siku ya kwanza tu alirudisha 5,000, na ya pili vivyo hivyo. Kwa wastani alikuwa na kiasi cha nusu ya fedha hizo. Kwa hiyo 40,000 anailipia kitu kinachokaribia 50,000, na asilimia yenyewe inakimbilia 80. Hii ni kwa mwezi mmoja, wakati riba za benki hutajwa kwa mwaka.

Namfahamu jirani aliyechukuliwa kochi na televisheni kwa hesabu hiyo. Ndani ya nyumba yake alikuwamo kijana wa kidato cha pili ambaye alikwisha kufundishwa riba, mtaji, kiwango na muda, na aliwahi kupata maksi nzuri katika mada hiyo. Karatasi ya mkopo ilikaa mezani siku mbili kabla ya kutiwa sahihi. Hakuna aliyemwita aisome, na yeye hakuona kwamba inamhusu. Riba ilikuwa ya shuleni, mkopo ulikuwa wa mama.

Ndugu wasikilizaji, wengine wameniuliza nianzie wapi na mtoto ambaye tayari anaichukia hesabu, ambaye akisikia neno lenyewe anakwenda chooni. Huyo usimwanzie na ankara wala mkopo. Mwanzie na kiberiti.

Mpe njiti 20, vichwa vyake vimekwisha kuondolewa. Mwambie anataka kumjengea bibi banda la kuku la pande nne lenye kona za mraba, na njiti hizo ndizo uzio wote alio nao. Asivunje hata moja. Kila njiti ni meta moja. Atajenga banda la meta 9 kwa 1, jembamba kama ujia, na ndani yake mna meta za mraba 9. Halafu 8 kwa 2, mna 16. Halafu 7 kwa 3, mna 21. 6 kwa 4, mna 24. 5 kwa 5, mna 25. Uzio ni uleule, kuku wanazidi. Watoto wengi, na watu wazima si wachache, huamini kwamba mzingo ukiwa uleule na eneo lazima liwe lilelile, na hapo wataona kwa macho yao kuwa sivyo. Mwache aandike jedwali lake mwenyewe. Akikuuliza kwa nini mraba ndio unaoshinda, mjibu kwamba hujui, hata kama unajua.

Akishazoea, sogeza njiti zile mpaka ukingo wa kitabu kikubwa, mwambie huo sasa ni ukuta wa nyumba ya bibi. Banda litaegemea ukuta, kwa hiyo njiti 20 zitazunguka pande tatu tu. Je, hapo banda lenye nafasi kubwa kuliko yote ni la vipimo gani, na mraba bado unashinda? Mimi niliitikia upesi, ndiyo, nikijiamini kwa miaka yangu yote ya chaki. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, alinyamaza, akapanga njiti zake chini ya meza nisione, kisha akaniomba nitambae chini nihesabu mwenyewe. Jibu lake nitalisoma wiki ijayo. Kiberiti kimoja kinatosha watoto wawili.